Lüneburg: nyumba zimepinda kwa sababu ya chumvi peke yake, au kuna lingine?

#1 Kipimamaji
Salaam wakuu.

Nazungumzia Lüneburg, mji mdogo wa kaskazini mwa Ujerumani, kilomita 50 hivi kusini-mashariki ya Hamburg, mto Ilmenau ukipita ndani yake. Wakazi ni elfu sabini na ushee. Kila anayeutaja hutoa maelezo yale yale: chini kuna chumvi, watu wameitoa kwa miaka elfu moja, ardhi imetitia, nyumba zimepinda.

Mimi naona maelezo hayo yanabebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Mtaa wa Waagestraße, jirani na Rathaus (ukumbi wa mji), ipo nyumba ya tofali ambayo wenyeji huiita "nyumba yenye mimba". Ukuta wake umetoa tumbo kuelekea barabarani. Msingi ukishuka, kwa kawaida ukuta huegemea, au hupata nyufa za ngazi zinazofuata viungo vya tofali. Tumbo ni ugonjwa mwingine. Wenye kujua wamwage madini.

#2 Mchumvi
Mkuu, usiitupe chumvi haraka hivyo. Tuanze na kilicho chini.

Chini ya sehemu ya magharibi ya mji wa kale kuna kuba la chumvi la umri wa miaka milioni 250 hivi. Chumvi ni nyepesi kuliko miamba iliyoifunika, kwa hiyo ikasukumwa kwenda juu taratibu mpaka ikafika makumi ya mita tu chini ya miguu ya watu. Maji ya ardhini yanaikuta hapo, yanailamba, yanakuwa maji chumvi mazito kabisa. Hayo ndiyo yaliyovutwa kisimani. Hakuna mtu aliyeshuka na sururu kuchimba mwamba wa chumvi kwa karne zote hizo. Walichota maji, na maji yakabeba mwamba.

Hati ya kwanza inayotaja kiwanda ni ya tarehe 13 Agosti 956, mfalme Otto I alipoipa nyumba ya watawa ya Mtakatifu Mikaeli ushuru wa chumvi. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980. Piga hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya kuvuta.

Matokeo yanaonekana. Kanisa la Lamberti, lililokuwa kanisa la watu wa kiwandani, lilibomolewa mwaka 1860 na 1861 kwa sababu lilikuwa linaharibika kwa kutitia. Nguzo za ndani za kanisa la Mikaeli zimeinama, unaona kwa macho bila kipimo. Tangu 1946 mji una vituo vya kupimia kama 240, na hupimwa kila baada ya miaka miwili. Mji haupimi hivyo kwa burudani.

#3 FundiChokaa
Mchumvi yuko sahihi kuhusu Lamberti na Mikaeli, lakini hajajibu swali. Tumbo la ile nyumba ni la mota, yaani mchanganyiko unaoshikanisha tofali.

Lüneburg ina kilima cha jasi (gypsum) ndani ya mji, kwa hiyo mafundi wa kale hawakuwa na haja ya kuagiza chokaa kutoka mbali. Walichoma jasi na kujengea. Jasi ikichomwa kwenye moto mdogo, nyuzi 120 hadi 180, inapoteza sehemu ya maji yake, na ukiichanganya na maji inashika ndani ya dakika chache. Ukiichoma kwa moto mkubwa, nyuzi 900 hivi, unapata jasi inayoshika polepole na kuwa ngumu sana, nzuri kwa sakafu na kuta. Shida iko katikati. Jasi iliyopitishwa moto wa kati, nyuzi 300 mpaka 600, inakuwa kama imekufa. Unaichanganya, inakaa kimya, haishiki.

Sasa fikiria tanuru la karne ya 15. Mawe yaliyo karibu na moto yanaiva kupita kiasi, ya juu hayajaiva, na mengine yote yako hapo katikati. Fundi anasaga vyote pamoja, anajenga. Ukuta unasimama vizuri. Kisha unyevu unaingia mwaka baada ya mwaka, na zile punje zilizokuwa zimekufa zinaanza kunywa maji. Punje ya namna hiyo ikirudi kuwa jasi kamili inaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 60. Kiungo cha mota cha sentimita moja na nusu hakina pa kwenda. Kinasukuma tofali. Uso wa nje unanyeshewa mvua, wa ndani ni mkavu, kwa hiyo upande wa nje unarefuka kuliko wa ndani na ukuta unatoa tumbo nje.

#4 Bibi_Mawe
Asante FundiChokaa, maelezo safi. Nyongeza ndogo maana jina huwapoteza watu: kilima chenyewe kinaitwa Kalkberg, yaani mlima wa chokaa, lakini si chokaa. Ni jasi, kofia iliyobaki juu ya kuba la chumvi. Kilikuwa na urefu wa mita 80 hivi, leo kimebaki mita 56 juu ya usawa wa bahari, kilichopungua kimeingia kwenye kuta na sakafu za mji na kuuzwa nje.

Juu yake palikuwa na ngome ya mtawala. Raia waliivamia tarehe 1 Februari 1371, wakaibomoa, na kuanzia hapo mji ukawa unajiamulia mambo yake kwa karibu miaka mia tatu. Mtu asiyejua tukio hilo hawezi kuelewa kwa nini Rathaus ya mji mdogo vile ni kubwa na ya fahari.

#5 Kipimamaji
Mchumvi, nimekubali miaka ni mingi. Lakini ni mwamba kiasi gani uliotoka? Bila ujazo tunabishana kwa hisia.

#6 Mchumvi
Sawa, tuhesabu. Kwenye kilele, karne ya 16 kuelekea ya 17, kiwanda kilitoa karibu tani 20,000 kwa mwaka. Mita moja ya ujazo ya mwamba wa chumvi ni tani 2.16. Kwa hiyo kila mwaka iliondoka mita za ujazo kama 9,250. Zikiwa zimetoka sawasawa chini ya kilomita moja ya mraba, huo ni mshuko wa milimita 9 kwa mwaka. Zikiwa zimetoka chini ya hekta moja tu, ni karibu mita nzima.

Na hapo ndipo penye utata, kwa sababu haziondoki sawasawa. Maji yanafuata njia zake. Ndiyo maana mtaa mmoja unashuka sentimita kadhaa kwa mwaka na mtaa wa pili umetulia.

#7 Bibi_Mawe
Hesabu nzuri, ila inaacha kitu kikubwa. Maji ya ardhini hayasubiri pampu. Yalikuwa yanayeyusha chumvi kabla ya mwaka 956, na kiwanda kimefungwa 1980 lakini mji bado unashuka. Kwa hiyo sehemu ya mshuko ni ya asili. Kilichofanywa na kisima ni kuharakisha: ukivuta maji yaliyokwisha kushiba chumvi, unaita maji mapya yenye njaa yaje mahali pake. Maji yaliyoshiba yakitulia juu ya chumvi huwa kama blanketi, hayayeyushi tena.

Pia jasi yenyewe inayeyuka, gramu mbili na nusu hivi kwa lita. Ni kidogo ukilinganisha na chumvi, lakini inatosha kufanya mapango ndani ya ile kofia. Nyumba inaweza kukaa juu ya pango la jasi na lawama zote zikaenda kwa chumvi.

#8 Mwanakuni
Wakuu, mimi ni wa upande wa moto. Mtu anieleze walichemshaje tani 20,000 bila makaa ya mawe.

#9 Mchumvi
Kulikuwa na nyumba 54 za kuchemshia, kila nyumba na makarai 4, jumla 216. Makarai yalikuwa ya madini ya risasi, mapana kama mita moja, ya kina kifupi. Gawanya tani 20,000 kwa makarai 216 kwa siku 365, unapata karibu kilo 254 kwa karai kwa siku. Hiyo inakwambia moto ulikuwa hauzimwi usiku na mchana.

Mpangilio: maji yanavutwa kisimani, yanapita kwenye mifereji ya mbao mpaka kila nyumba. Karai linajazwa, moto unakokwa chini. Povu na uchafu vinaenguliwa. Maji yakianza kupungua, juu yake panatokea utando wa chembe, kama ukoko mwembamba unaoelea, kisha zinazama. Mfanyakazi anazivuta pembeni kwa reki ya mbao, anazipakua kwenye vikapu zichuruzike, halafu zinakaushwa. Karai linajazwa tena kabla halijakauka.

Hilo la mwisho ndilo kosa la kuogopwa. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327. Maji chumvi yaliyoshiba yanachemka kwenye 108 hivi, kwa hiyo maadamu yamo, karai liko salama. Yakikauka, au ukoko mgumu wa jasi ukiganda chini na kuzuia joto lisipite, risasi inalainika, inatoboka, na maji yote yanamwagikia motoni. Makarai yalikuwa yanasubuliwa upya mara kwa mara, kazi yenye karakana na msimamizi wake. Ya chuma yalichukua nafasi mwishoni mwa karne ya 18.

#10 Mwanakuni
Shukrani. Basi na mimi niweke hesabu ya kuni. Maji yaliyoshiba yana asilimia 26 ya chumvi kwa uzito. Kupata kilo moja ya chumvi unavukiza kilo 2.8 za maji. Maji ya bahari kuu yana asilimia 3.5, utavukiza kilo 27 na ushee kwa kilo ile ile. Bahari ya Baltiki ni hafifu zaidi, haifai kabisa. Hapo ndipo siri ya utajiri wa mji ilipo.

Kwa kilo ya chumvi unahitaji joto la megajuli 7 hivi. Kuni kavu zina 15 kwa kilo, na kwenye jiko la wazi robo tu ndiyo inafika kwenye karai. Karibu kilo mbili za kuni kwa kilo ya chumvi. Kwa mwaka wa kilele, tani 40,000 za kuni kavu. Ndiyo maana kusini mwa mji kuna ile nyika tupu ya Lüneburger Heide. Msitu uliishia kwenye makarai.

#11 Nyasi_Fupi
Mwanakuni, hesabu sawa, hitimisho si sahihi. Chavua za kale zilizohifadhiwa kwenye udongo wa vinamasi zinaonyesha nyika ilianza kutanuka maelfu ya miaka kabla ya kiwanda, tangu wakulima wa kwanza walipofyeka na kuchunga. Halafu kuni nzito hazibebwi kwa mkokoteni juu ya mchanga mkavu wa Heide. Zinakuja kwa maji. Kiwanda kilipata kuni nyingi kutoka kaskazini-mashariki, Mecklenburg na upande wa ziwa Schaalsee, zikishushwa kwa mito mpaka mto Elbe na kupandishwa Ilmenau.

Kilichoweka Heide katika hali ile ni jembe na kondoo. Mkulima alikwangua tabaka la juu la nyika pamoja na mizizi, akalitandika zizini, likachanganyika na samadi, akalipeleka shambani kwenye nafaka ya rai. Pale alipokwangua panahitaji miaka kumi na zaidi kujifunika tena. Kondoo wa huko, Heidschnucke, walikula kila mche wa mti uliochomoza. Kazi hiyo ikisimama, miti inarudi yenyewe. Msitu uliokatwa kwa kuni tu ungerudi.

#12 Mwanakuni
Nakubali kuhusu njia ya maji. Lakini wajenzi wa nyumba za kuchemshia walihitaji mbao pia, na mji ulipika, uliota moto, ulichoma tofali na jasi. Siwezi kuutoa mji kabisa kwenye kesi ya Heide.

#13 Msafiri_wa_Elbe
Jamani, chumvi ilienda wapi? Bila soko hata makarai 1,000 hayana maana. Ilienda Lübeck, bandari ya Baltiki, ikapelekwa kwenye uvuvi wa sill (samaki aina ya heringi) wa Skåne, kusini mwa Uswidi ya leo. Hesabu ya kale ni pipa moja la chumvi kwa mapipa manne au matano ya samaki. Mwanzo ilipanda mikokoteni. Kati ya 1392 na 1398 wakachimba mfereji wa Stecknitz kutoka upande wa Lauenburg kupitia Mölln, na mashua 30 za kwanza zenye chumvi zikaingia Lübeck tarehe 22 Julai 1398.

Huo mfereji ulivuka mgongo wa ardhi, nao ni wa zamani sana kwa kazi ya namna hiyo Ulaya. Lango la maji lilikuwa la ubao mmoja: unazuia maji mpaka yajae, unafungua, mashua zinateremka pamoja na wimbi. Ukikosea muda, maji yanaisha na mashua inakaa juu ya mchanga kusubiri bwawa lijae tena. Safari ilichukua wiki kadhaa.

Ukichungulia bandari ya ndani ya Lüneburg, kreni ya mbao bado ipo, ilijengwa upya 1797. Ndani kuna magurudumu mawili makubwa ya kukanyagwa, watu wanatembea ndani yake kama wanapanda ngazi isiyoisha. Mwaka 1840 iliinua kichwa cha treni cha tani 9.3.

#14 Tofali_Jekundu
Turudi kwenye majengo. Kuna watu hutaka kuuingiza na mnara wa kanisa la Johannis kwenye kesi ya kutitia. Msiuingize. Una mita 108 na kilele kiko nje ya mstari wa timazi kwa mita 2.20, lakini kanisa liko mwisho wa mashariki wa uwanja wa Am Sande, mbali na eneo la kuba. Ulichomwa na radi mwaka 1406 ukajengwa upya, na paa lake refu la mbao ndilo lililojikunja. Mbao mbichi hukauka upande wa jua haraka kuliko upande wa kivuli, na upepo wa huko unapiga kutoka magharibi mwaka mzima.

Wenyeji wana hadithi ya fundi aliyeona aibu akajirusha kutoka juu, akaangukia mkokoteni wa majani makavu, akapona, akaenda kusherehekea baa, akaanguka kutoka kwenye benchi akafa.

#15 Kipimamaji
Basi tunazo sababu tatu tayari. Na ile hadithi ya nguruwe aliyeifichua chumvi ya mji?

#16 Tofali_Jekundu
Mwindaji alimwona nguruwe pori akilala juani baada ya kugaagaa kwenye dimbwi, manyoya yamekuwa meupe kwa chembe za chumvi. Rathaus wanahifadhi mfupa unaosemwa ni wa mnyama huyo. Ni hadithi, lakini jambo la ndani yake ni sahihi kabisa: chemchemi yenye asilimia 26 ikikauka juu ya manyoya lazima iache weupe. Chemchemi ilikuwa wazi juu ya ardhi, haikuhitaji mchimbaji.

#17 Ruchugi
Wakuu, hilo la chemchemi linanigusa, kwani sisi wa Kigoma tunazo Uvinza, kando ya mto Ruchugi. Watu walichemsha chumvi pale kwa vyungu, karne nyingi kabla ya mkoloni. Wajerumani walipoweka kiwanda wakakiita Saline Gottorp, jina la kasri la Schleswig, kaskazini ile ile tunayoizungumzia. Na mjadala wa kuni upo vile vile: miombo iliingia jikoni.

Swali langu: kama mji ulikuwa unazama na soko la sill lilikufa, mbona majengo ya kale yamesalia mengi hivyo?

#18 Msafiri_wa_Elbe
Ruchugi, ni umaskini uliokuja baadaye. Chumvi ya ghuba ya Bourgneuf, Ufaransa, iliyokaushwa na jua bila hata ukuni mmoja, iliishusha bei. Sill wakapungua. Mji ukakosa fedha za kubomoa na kujenga upya kwa mtindo mpya, kwa hiyo nyumba za karne ya 15 na 16 zikabaki zilivyo. Tazama Schwarzes Haus (Nyumba Nyeusi) pale Am Sande, ni ya 1548. Vitani eneo la stesheni lilipigwa mabomu, mji wa kale haukuguswa sana, na Wajerumani wa kaskazini wakajisalimisha kwa jemadari wa Uingereza, Montgomery, pale pale Lüneburg tarehe 4 Mei 1945.

#19 Bibi_Mawe
Si ndani ya mji, mkuu. Ilikuwa Timeloberg, karibu na kijiji cha Wendisch Evern, kusini-mashariki ya mji. Na umaskini peke yake hautoshi. Miaka ya baada ya vita mitaa ya magharibi, ile inayotitia, ilikuwa inasubiri kubomolewa. Miaka ya 1970 wananchi ndio waliosimama wakaitetea, wakaanza kuzikarabati nyumba moja moja kwa vifaa vya kale. Hilo lazima lihesabiwe.

#20 FundiChokaa
Na kwenye ukarabati ndiko nyumba nyingi zenye jasi huumizwa, si Lüneburg tu. Nieleze maana ni kosa linalojirudia.

Fundi anaona mota ya zamani imelegea, anaichokoa, anajaza saruji ya kawaida. Saruji ina alumina, jasi ina salfeti, maji ya mvua yapo. Vitatu vikikutana vinatengeneza chembe ndefu kama sindano zinazovimba kwa nguvu kubwa. Ndani ya miaka michache kiungo kinatema, uso wa tofali unabanduka, na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Njia salama: kwanza chukua kipande cha mota kikapimwe salfeti. Zuia maji, yaani mifereji ya paa, vichwa vya ukuta, maji yanayorukia kutoka barabarani. Chokoa viungo kwa patasi ya mkono, kina mara mbili ya upana wa kiungo, usitumie mashine ya kukata. Jaza kwa mota yenye jasi ya moto mkubwa inayofanana na ya kwanza. Ukilazimika kufunga ukuta kwa vyuma, tumia chuma kisichoshika kutu, kwa sababu jasi hailindi chuma kama saruji inavyolinda. Nondo ya kawaida itaota kutu, itavimba, na utakuwa umeongeza tumbo la pili.

#21 Kipimamaji
Kwa hiyo nikisimama mbele ya nyumba nisiyoijua, nitatofautishaje ya chumvi na ya jasi?

#22 FundiChokaa
Shusha timazi kutoka juu, pima umbali wa ukuta na uzi kila nusu mita. Umbali ukiongezeka kwa mstari ulionyooka, ukuta umeegemea, tazama ardhi. Ukiwa sifuri juu, sifuri chini, na mkubwa katikati, tazama mota. Kisha chunguza madirisha: kizingiti kilicholala mshazari ni dalili ya mshuko.

#23 Mchumvi
Kipimo kizuri, lakini kinaonyesha ukuta umefanya nini, hakionyeshi nini kilianza. Ardhi ikisogea milimita tano, kiungo kinafunguka, mvua inapata mlango, jasi inaanza kunywa. Nani hapo alaumiwe?

Nenda Frommestraße, kuna geti la zamani wanaliita "lango la kuzimu". Ardhi imesukuma nguzo zake mpaka mabawa mawili ya geti yamepandana, moja juu ya jingine. Geti ni chuma, halina mota ya kuvimba.

#24 FundiChokaa
Geti nakupa. Waagestraße bado yangu.

#25 Bibi_Mawe
Kabla hamjagawana mitaa, mtu atazame ghorofa ya chini ya nyumba za Waagestraße upande wa ndani, pale ukuta unapokutana na sakafu ya jasi. Sakafu ile nayo huvimba, na inasukuma ukuta kutoka ndani kwenda nje. Sijaona hata mmoja wenu akiihesabu.